Dila Hasimami kwa Kumi na Sita

Watu wa Nakuru wana dhana moja ambayo haijawatoka hadi leo: kwamba anayegawa karata kasino ana ujanja mwingi kichwani. Ati anakuangalia usoni, anakupima, anajua lini akubane na lini akuachilie. Uongo mtupu! Anayefikiria pale mezani ni wewe mteja, maskini wa Mungu, na ndiyo sababu unashindwa. Dila, yaani huyo mgawaji, hafikirii. Hata akitaka kufikiria, hana ruhusa.

Chelangat alikuwa amemweleza mchumba wake Kipngetich jambo hili mpaka akachoka.

"Mchezo ni wa ishirini na moja," alimwambia. "Wewe nakupa karata mbili. Mimi najipa mbili, moja iko wazi, nyingine nailaza kifudifudi. Ukitaka kuongeza unagonga meza, ukitaka kusimama unapitisha kiganja hivi, kama mtu anapangusa unga. Ukizidi ishirini na moja umeungua, na mimi hata sichezi mkono wangu. Nakusanya tu vilivyo mezani. Usipozidi, nafunua ile yangu iliyolala. Nikiwa na kumi na sita kwenda chini, lazima niongeze. Nikifika kumi na saba, lazima nisimame. Aliye karibu zaidi na ishirini na moja ameshinda. Imeisha hiyo."

"Na ukiwa na kumi na sita, na unaona kabisa ukiongeza utaungua?"

"Naongeza."

"Na kama umeona kumi na sita yako tayari inamshinda mteja?"

"Naongeza! Kwani husikii? Si mimi nacheza. Ni sheria inacheza, mimi nimeazima sheria mikono."

Kipngetich, mwalimu wa hesabu huko Eldoret na mtu mpole sana, alicheka akasema kwamba basi anaoa mwanamke wa kwanza duniani asiyeweza kushawishika. Chelangat alimpenda kwa mambo mengi, lakini zaidi kwa hili: kazi yake haikumtia aibu mvulana huyo hata siku moja.

Aibu ilikuwa ya watu wengine. Kasino yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro, na wateja wa mchana walikuwa na tabia ya kusimama kwanza nje ya duka, wakabonyezabonyeza magodoro, wakaangalia kushoto na kulia, ndipo wakapanda ngazi. Huko Kabazi kwa kina Chelangat hakuna aliyejua. Mama yake, mwimba kwaya wa sauti ya kwanza, alikuwa amewaambia majirani wote kwamba binti yake yuko hotelini.

"Mama, ile si hoteli."

"Mnauza soda?"

"Tunauza."

"Na chai je?"

"Chai wateja wanapewa bure."

"Hoteli inayotoa chai bure ni hoteli kubwa sana hiyo. Nyamaza, mtoto wangu, usiniletee maneno."

Basi uongo huo ukanenepa, ukatoka Kabazi ukavuka bonde, ukapanda mpaka Sachangwan kwa kina Kipngetich, na huko ukapewa kiti ukakaa. Koito ilipopangwa, yaani ile siku ya wazee wa mvulana kuja kwa kina msichana kumwomba, kila mtu alijua kwamba wanakuja kumwomba msichana wa hoteli.

Juma la koito, Chelangat aliomba ahamishwe kutoka zamu ya usiku aje ya mchana, apate kusaidia mambo ya nyumbani. Alikubaliwa. Hapo ndipo mkosi ulipompata, maana zamu ya mchana ina wateja wake, ambao dila wa usiku hawafahamu.

Alhamisi, baada tu ya saa za chakula cha mchana, mzee mmoja alipanda zile ngazi akiwa amevaa koti la kanisa na kofia ya kahawia. Sue, msimamizi wa meza, alimkimbilia.

"Mwenyekiti! Karibu. Kiti chako kinakungoja."

Chelangat aliinua macho. Kofia ile aliijua. Na ule mwanya wa meno ya mbele aliujua pia, maana mvulana anayempenda alikuwa nao. Alikuwa ameuona uso ule kwenye simu ya Kipngetich mara kadhaa: Mzee Kipkemoi, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa chama cha maziwa, na, Mungu akipenda, baba mkwe wake kuanzia Jumamosi.

Yeye mzee hakumjua. Kipngetich alipomletea picha ya mchumba, alikuwa amesukuma simu kando akasema, "Mimi siozeshi mwanangu picha. Nitamwona akitolewa nje siku ya koito." Na kifuani pa Chelangat palikuwa na kibandiko kilichoandikwa Fancy, kwa sababu Sue alimpa kila dila jina la mezani, ili mteja aliyeshindwa asije akamtafuta mtu mpaka kwao. Mzee alisoma kibandiko, akaketi, akavua kofia, akaiweka kwenye goti.

"Fancy. Wewe ni mgeni."

"Ndio, mzee. Karibu."

"Dila wa Alhamisi ananijua. Lakini sawa. Gawa."

Kwenye kiti cha pili alikuwa Adero, mwenye saluni ya mtaa wa nyuma, mwanamke wa dau dogo na mdomo mkubwa. Alikuwa akija kila mchana saluni ikipoa. Alimsogezea mzee kisahani cha njugu.

"Mwenyekiti, leo mbona umenuna hivyo? Ng'ombe wamegoma?"

"Leo sikuja kucheza," alisema Mzee Kipkemoi kwa sauti ya kamati. "Leo nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nani?"

"Mungu."

Adero aliachama. "Hapa? Kwani kanisa limefungwa?"

"Usicheke, mama. Hata mitume walipokwama walipiga kura. Nina jambo limenilemea." Akamgeukia Chelangat, maana dila ni kama kinyozi, hana uso, mtu humwambia chochote. "Fancy, mwanangu ameokota msichana wa Kabazi. Ati anafanya kazi hoteli hapa town. Msichana wa hoteli! Wewe unajua hao."

"Mimi siwajui sana, mzee," alisema Chelangat.

"Mimi nawajua. Na pale kwetu kuna binti ya mzee mwenzangu, mwalimu wa shule ya chekechea, hata mguu wake hausikiki akitembea. Jumamosi ni koito. Nimeomba, nimefunga, Mungu amenyamaza. Kwa hivyo nimemwambia hivi: nikimshinda dila, huyo wa hoteli ni wetu. Dila akinishinda, naahirisha koito mpaka Yesu arudi."

Unaona jinsi dunia ilivyo na mzaha? Aliyetakiwa kumshinda Chelangat ili ampate Chelangat, alikuwa ameketi mbele ya Chelangat akimweleza habari za Chelangat. Na yeye, aliyekuwa na kila sababu ya kushindwa, ndiye mtu pekee mezani ambaye hakuruhusiwa kutaka lolote. Moyo ulimpiga mpaka akahofu kamera zilizo juu zitauona. Alimpenda Kipngetich. Alikuwa amengojea Jumamosi hiyo kwa furaha ya kitoto. Aligawa.

Mkono wa kwanza mzee alipata kumi na tisa, akapitisha kiganja, akasimama. Chelangat alikuwa na sita wazi. Alifunua iliyolala: mfalme, ambaye huhesabiwa kumi. Kumi na sita. Akaongeza kama alivyotakiwa, na ikaja tisa.

"Dila ameungua," alisema, akajizuia asitabasamu. "Hongera, mzee."

"Sema amina, Mwenyekiti!" Adero alipiga makofi. "Mungu amejibu haraka kuliko mimi nikiitwa kulipwa."

Lakini Mzee Kipkemoi alikunja uso. "Hapana. Hapo mimi sijashinda. Wewe ndiye umejiunguza. Hilo si jibu, ni ajali. Rudia."

Mkono wa pili walitoshana, kumi na saba kwa kumi na saba.

"Sare," alisema Chelangat.

"Hiyo ni kamati imeahirishwa. Gawa."

Mkono wa tatu mzee alipata kumi na tano. Chelangat alikuwa na sita wazi tena.

"Simama, Mwenyekiti," alinong'ona Adero. "Dila ana sita. Wacha ajimalize mwenyewe."

Ushauri huo ulikuwa mzuri. Hata mtoto wa juzi katika mchezo huu anajua kwamba dila akiwa na sita, mteja hutulia, akakunja mikono, akamwacha aungue. Lakini Mzee Kipkemoi alikuwa na ugonjwa wake. Katika maisha yake yote, kanisani, kwenye maziwa, kwenye harambee, hakuwahi kuketi chini alipomaliza kusema. Lazima aongeze neno. Aligonga meza kwa kidole. Ikaja tatu.

"Kumi na nane! Mnaona?" alisema. Kiganja chake kikapita juu ya kitambaa cha kijani.

Chelangat akafunua iliyolala. Kumi. Na sita. Kumi na sita tena.

Na hapo, ndugu msomaji, likatokea jambo ambalo pengine halijawahi kutokea katika kasino yoyote. Mezani pale palikuwa na watu watatu, na wote watatu walitaka kitu kimoja. Mzee aliona kumi na nane yake inashinda, na damu ya mchezaji ikamsahaulisha kabisa mwalimu wa chekechea. Adero alitaka mzee ashinde ili mchezo uendelee. Na Chelangat, ee Mungu wangu, Chelangat alitaka kuliko wote.

Mzee akapitisha kiganja tena, safari hii mbele ya karata za Chelangat. "Basi. Simama hapo hapo, binti. Inatosha."

"Mzee, siruhusiwi. Ni kumi na sita. Lazima niongeze."

"Nani amesema?"

"Sheria ya meza."

"Mimi ni mzee, nakuambia simama."

"Ningeweza ningesimama, mzee wangu. Haki ya Mungu ningesimama."

"Basi sheria hiyo ina mwenyewe. Mwite."

Sue akaja na tabasamu la kazi. Mzee akamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyezoea kumalizia mambo kando ya mkutano, kwamba kila kanuni ina mwenyekiti, na wenyeviti huelewana. Sue akasema hata mwenye kasino mwenyewe akikaa mahali pa Fancy, kwa kumi na sita ataongeza.

"Yaani hapa hakuna mtu wa kuongea naye?" Mzee alishangaa kwelikweli. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuona mahali kama hapo nchini Kenya.

"Hakuna, Mwenyekiti. Fancy, endelea."

Chelangat alivuta karata kutoka kisandukuni. Kulikuwa na karata tele humo za kumwunguza. Alivuta, akafunua.

Tano.

"Ishirini na moja," alisema. Alitaka kulia. Mikono ikakusanya visarafu vya plastiki vya mzee kwa upole uleule inaokusanyia vya kila mtu.

"Msichana huna heshima," alisema Mzee Kipkemoi. "Hata kidogo. Lakini sawa, Mungu amesema." Akachomoa simu.

"Simu hairuhusiwi mezani," Sue alisema, na mzee akarudi nyuma kidogo, akampigia mkewe. Kwa kuwa sikio lake la kulia lilikuwa limechoka, alizoea kuongea simu ikiwa imefunguliwa sauti, na kasino nzima ikasikia.

"Mama Kipngetich, hii koito tuiahirishe. Mungu amekataa."

"Mungu yupi?" iliuliza simu. "Maziwa ya mursik yameiva kwenye kibuyu. Gari limeitishwa. Kina mama wameshona sare. Huyo Mungu alikuwa wapi tangu Krismasi? Na wewe uko wapi, mbona nasikia muziki?"

"Niko mkutano wa maziwa."

"Mkutano wa maziwa na rhumba?"

"Ni... wamefungulia redio."

"Kila Alhamisi redio. Sikiza, Baba Kipngetich. Jumamosi tunaenda Kabazi. Ukikataa tutaenda bila wewe, na wakiuliza uko wapi tutasema tulikuzika." Simu ikakatika.

Mzee akaitia simu mfukoni. Kisha akavaa kofia, akarudi mezani kuchukua njugu zake.

"Nitaenda," alimwambia Fancy, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia. "Lakini nitasimama mbele ya watu wote niseme neno langu juu ya msichana huyo, wapende wasipende. Na wewe jua hili: ungenisikiliza ukasimama, ungekuwa umemwokoa binti wa wenyewe."

"Ndio, mzee," alisema Chelangat.

Aliondoka mezani akaenda kujifungia chooni, akalia kwa hasira. Alijikasirikia, akamkasirikia mama yake na hoteli yake, akaikasirikia ile tano. Jioni Kipngetich alipompigia, akiimba kwa furaha, hakumwambia neno. Angemwambia nini? Kijana yule alimheshimu baba yake mno. Na siri ya mteja ni karata ya mteja. Dila huifunua yake mwenyewe, ya mtu mwingine haigusi.

Jumamosi jua lilitoka vizuri Kabazi. Mama Chelangat alikuwa ameamka na kuanza kumgombeza kila mtu, kuku kwa watu. Mahema mawili, viti vya plastiki, masufuria ya kuazima. Alimpata binti yake ameketi kitandani akiangalia ukuta.

"Una nini? Mbona hata mafuta hujajipaka?"

"Mama, waambie ukweli kuhusu kazi yangu kabla hawajafika."

"Leo? Una wazimu? Ukweli una siku yake, na si siku ya wageni. Paka mafuta."

Wageni wakafika, wakaimbiwa langoni, wakaketishwa. Wazee wa pande mbili waliulizana koo zao mpaka wakaridhika kwamba hawa watoto si ndugu. Baba mdogo wa Chelangat, ndiye aliyesimama mahali pa marehemu babake, akauliza kama wageni wana lolote la kutanguliza. Mzee Kipkemoi akainuka, akarekebisha koti.

"Nina neno. Ni juu ya huyu msichana wa hoteli."

Kipngetich akageuka kumwangalia baba yake kwa mshangao. Mama Kipngetich akamwangalia pia, lakini yeye hakushangaa, alimkazia tu macho.

"Sawa, mzee," alisema baba mdogo. "Lakini kwetu neno juu ya mtu husemwa mtu akiwepo. Ngoja aletwe."

Kina mama wakaenda kumtoa kwa nyimbo. Chelangat alikuja amejifunika shuka begani, ameshika kibuyu cha mursik, macho chini kama inavyotakiwa. Alipofika katikati ya hema aliinua macho, yakakutana na ya Mzee Kipkemoi, ambaye bado alikuwa amesimama na kidole chake hewani.

Kidole kikashuka polepole. Rangi ya uso ikamtoka mzee mpaka akafanana na maziwa ya chama chake.

"Mzee, ulikuwa na neno," alikumbusha baba mdogo.

"Neno?" Mzee Kipkemoi alitafuta kiti kwa mkono. "Limenitoka."

Watu wakacheka, wakidhani ni uzuri wa msichana. Mama Chelangat akacheka kuliko wote. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini siku hiyo aliiona ndefu na imepigwa lami.

Ndipo likaja swali la desturi. Baba mdogo akamgeukia Chelangat. "Binti yetu, umewaona wageni hawa. Unawajua? Tukiinywa mursik hii tumekubali, na hairudi kibuyuni. Sema mwenyewe."

Chelangat aliona kiti cha mbele, goti la mzee, kofia ya kahawia juu ya goti. Na chini ya kofia, mahali ambapo aliamini hakuna mwingine anayeona, kiganja cha mzee kikapita kushoto, kikapita kulia. Simama hapo, binti. Inatosha.

Aliielewa ishara vizuri sana. Alielewa pia kwamba angeweza kusema "nawajua" tu, mursik ikanywewa, akaolewa, na yeye na baba mkwe wake wakaishi miaka yote wakiogopana juu ya sahani ya ugali. Hapa hapakuwa na Sue wala kamera. Kwa mara ya kwanza angeweza kusimama kwa kumi na sita na dunia nzima ingemshukuru. Mikono ikakataa. Ilikuwa imezoea kwamba zamu ya dila ikifika, iliyolala hufunuliwa.

"Nawajua," alisema. "Lakini kabla hamjakunywa, wanijue pia. Mimi sifanyi kazi hotelini. Nafanya kazi kasino, Nakuru. Nagawa karata. Kipngetich anajua. Nilitaka na wazazi wake wajue, ndipo waamue."

"Uuuwi!" Mama Chelangat alishika kichwa. Chini ya hema pakawa na mvumo. Kasino! Wazee wa kanisa wa Sachangwan wakageuka wote kumtazama mwenyekiti wao, maana hakuna aliyehubiri dhidi ya kamari kwa moto kama yeye. Kipngetich alitaka kusimama, mama yake akamvuta shati akaketi.

Mzee Kipkemoi alimwangalia Chelangat, akingoja amalizie. Alingoja afunue na ile nyingine. Chelangat alifunga kinywa, akatazama kibuyu. Mzee akangoja tena. Haikuja. Polepole aliona kwamba haitakuja, wala leo wala kesho, na kwamba sasa angeweza kusema hapana, akatoka na heshima yake yote, na msichana huyu bado asingesema. Jambo hilo lilimchoma kuliko kama angeanikwa. Macho yakamlowa. Akasimama.

"Wazee," alisema, "mimi nimekubali. Huyu ni binti yetu. Leteni mursik."

"Kasino, Mwenyekiti?" mmoja aliuliza.

"Kasino! Kazi ni kazi. Mimi nilikuwa na shaka, sasa sina. Msichana ambaye angeweza kunyamaza akapata mume, akasema ukweli! Nani hapa angeweza? Wewe ungeweza? Mimi mwenyewe nisingeweza."

Akapokea kibuyu, akamiminiwa, akanywa mbele ya watu. Vigelegele vikapasua hema. Kipngetich alikuwa akifuta machozi kwa tai. Mursik imenywewa, hairudi kibuyuni, Chelangat ameposwa. Kwa furaha akamshukuru Mungu, yule ambaye Alhamisi alikuwa amesingiziwa.

Hapo mzee angeketi. Mwanamume mwingine yeyote angeketi. Alikuwa na mkono mzuri kabisa, mezani hakuna wa kumshinda. Lakini Chelangat, aliyekuwa karibu naye akishika sinia la vikombe, aliona kifua chake kinajaa pumzi, aliona kidole kinainuka, na akaelewa. Haraka akapitisha kiganja juu ya sinia, kushoto, kulia. Simama hapo, mzee. Inatosha.

Mzee Kipkemoi akaongeza.

"Na tena niwaambie," alisema, akizunguka hema kwa macho, "huyu si mtu wa kuyumbishwa! Huyu ni mtu wa sheria! Umbembeleze, umwamuru, umwitie mkubwa wake, haachi! Yuko na kumi na sita, namwambia kwa mdomo wangu, 'Simama hapo binti,' na hasimami!"

Alipiga makofi peke yake kidogo, kisha yakaisha.

Mama Kipngetich aliweka kikombe chake chini taratibu.

"Kumi na sita ya nini, Baba Kipngetich?"

Mzee akaitwaa kofia yake, akaivaa. Wazee wa kanisa walimtazama.

"Na ulimwambia lini?" aliuliza mkewe. "Alhamisi?"

Macho ya mzee yakamtafuta Chelangat, kama yalivyomtafuta mezani, yakitaka mtu wa kuongea naye. Chelangat alimhurumia kwa moyo wote. Lakini mteja akishazidi, dila hachezi hata mkono wake. Chelangat akainama, akaanza kukusanya vikombe.